Pochi ya kidijitali imekombwa, nianzie wapi?

Barua tulizozichagua kwa safu ya mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni wizi wa sarafu za kidijitali kutoka katika pochi za watu binafsi. Tumezifupisha na kuondoa majina ya walioziandika.

SWALI

Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Kisauni, Mombasa, na kazi yangu ni kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaweka katika maandishi kwa ajili ya wateja wa nchi za nje, ambao hunilipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali ambayo thamani yake hufuata dola ya Marekani. Malipo hayo nimekuwa nikiyaweka katika pochi ya kidijitali iliyo kwenye simu yangu. Kaka yangu, anayefanya kazi Muscat, naye amekuwa akinitumia akiba yake kwa njia hiyo hiyo nimwekee mpaka atakaporudi kununua kiwanja. Jumla ilikuwa imefika USDT 4,300, na kati ya hizo 1,500 ni zake.

Mwezi uliopita nilitaka kuuza kiasi kidogo nikashindwa, kwa kuwa pochi ilitaka ada ilipwe kwa TRX, sarafu ya mtandao wa Tron ambamo USDT zangu zilikuwa, nami sikuwa nazo. Niliuliza katika kundi moja la Telegram, na punde mtu aliyejitambulisha kuwa mhudumu wa pochi ile akaniandikia faraghani, akanipa kiungo cha ukurasa uliofanana kabisa na programu yangu, akaniambia niingize yale maneno yangu 12 ya siri ya kuifungulia pochi ili ihakikiwe. Nikayaingiza. Kabla ya adhuhuri salio lilikuwa sifuri. Tangu hapo nimebadilisha neno la siri la programu, nimeifuta na kuiweka upya, wapi! Sasa ametokea mtu mwingine anayesema yeye ni mtaalamu wa kufuatilia sarafu zilizoibwa, na anataka nimtangulizie asilimia 10. Kaka yangu sijamwambia, na mke wangu pia hajui. Nia yangu ni kuzirejesha kwanza, ndipo niseme. Je, inawezekana? Na polisi watanielewa?

JIBU

Pole sana, ndugu yetu. Tutajibu yote uliyoyauliza, ila si kwa mpangilio wako, kwa sababu jambo la dharura kuliko yote ni lile ulilolipangia lisubiri, yaani kumwambia kaka yako. Hatusemi hivyo kwa ajili ya maadili peke yake. Kaka yako bado anayo anwani ya pochi ile, na siku yoyote akishapokea mshahara anaweza kukutumia fedha nyingine bila kukuarifu. Fedha hizo hazitakufikia. Mwenye maneno yale 12 ndiye mwenye pochi, na ni kawaida ya wezi wa aina hii kuacha programu inayoichungulia anwani usiku na mchana na kuhamisha chochote kinachoingia ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo liweke jarida hili kando kidogo, umpigie simu, umwambie asitume chochote katika anwani ile. Maelezo marefu yanaweza kufuata jioni.

Neno la siri ulilolibadilisha ni kufuli la programu iliyo ndani ya simu yako, wala si la pochi yenyewe. Sarafu zako hazikuwahi kukaa ndani ya simu. Zimeandikwa katika daftari la wazi la miamala liitwalo blokucheini, ambalo nakala zake ziko katika kompyuta nyingi duniani, na maneno yale 12 ndiyo chimbuko la funguo zinazoruhusu kuzihamisha. Yeyote aliye nayo huifungua pochi ile ile kwenye kifaa chake, popote alipo, bila wewe kupata taarifa yoyote. Maneno hayo huteuliwa kutoka katika orodha ya maneno 2,048, na namna za kuyapanga 12 kati yake ni nyingi kiasi kwamba hakuna kompyuta iwezayo kuyabahatisha. Ndiyo maana wezi hawahangaiki kubahatisha. Huomba, na huomba kwa adabu, tena wakati ule ambao mtu ana shida ndogo na anatafuta msaada. Wewe ulikwama kwa sababu ya ada ya TRX, jambo linalomkuta kila mgeni wa mtandao wa Tron, na katika makundi ya Telegram wamo watu ambao kazi yao ni kungoja swali kama lile.

Basi pochi ile ihesabu kuwa imekufa. Usiitumie tena, wala usiiwekee TRX kwa matumaini ya kuokoa masalio. Lakini kabla ya kuiacha, iangalie kwa makini, kwa kuwa maneno yale yale huzalisha anwani katika mitandao mingine pia, kama vile Bitcoin na Ethereum, na huenda kuna kitu ambacho mwizi hajakigusa. Kama kipo, fungua pochi mpya yenye maneno mapya, katika simu nyingine ikiwezekana, ukihamishie huko mara moja. Ikiwa kile kiungo kilikutaka pia upakue faili na kulisakinisha, nakili picha na namba zako muhimu, kisha uifute simu yote irudi kama ilivyotoka dukani, kwa sababu programu iliyoingia kwa mlango huo inaweza kuwa inasoma kila unachokiandika. Badilisha pia neno la siri la barua pepe yako kutoka katika kifaa kilicho salama, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Baada ya hapo kaa chini na daftari. Fungua tovuti ya Tronscan, inayomwonyesha mtu yeyote miamala ya mtandao wa Tron, uingize anwani yako, ile inayoanza na T na yenye jumla ya herufi na tarakimu 34. Utauona muamala uliozitoa fedha, kiasi, saa, anwani iliyopokea na utambulisho wa muamala wenyewe, mlolongo wa herufi na tarakimu 64 ambao huna haja ya kuuelewa ila una haja kubwa ya kuunakili bila kukosea hata herufi moja. Uchapishe ukurasa huo kwenye karatasi. Mazungumzo ya Telegram yapige picha za skrini leo hii, pamoja na jina analotumia yule mtu na wasifu wake, kwa kuwa Telegram humruhusu mtu mmoja kufuta mazungumzo kwa pande zote mbili, na mwizi mzoefu hufanya hivyo. Kwa hiyo usimtukane wala usimtishe kabla hujamaliza kupiga picha. Jambo moja linalosahauliwa ni saa. Ukiandika katika maelezo yako kwamba fedha ziliondoka saa tano asubuhi, ongeza kuwa ni 11:00 kwa saa za Afrika Mashariki, kwani rekodi za miamala mara nyingi huonyeshwa kwa saa za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, na mtumishi wa soko la sarafu aliye ng'ambo hatajua kuwa sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza.

Tuje kwenye kurejesha. Mkenya aliyezoea M-Pesa anajua kwamba akikosea namba atapeleka ujumbe wa muamala kwa 456, na aliyepokea asipokuwa amezitoa, huenda akarudishiwa. Blokucheini haina 456. Muamala ukishathibitishwa haubatilishwi na mtengenezaji wa pochi, wala na walioanzisha mtandao wenyewe. Kinachobaki ni kuzifuata fedha zinakoelekea na kumpata mtu mwenye mamlaka ya kuzizuia njiani, na hapo kuna milango miwili.

Mlango wa kwanza ni kampuni ya Tether, inayotoa USDT. Tofauti na bitcoin, ambayo haina mwenyewe, USDT inayo kampuni nyuma yake, na kampuni hiyo ina uwezo wa kuzifunga USDT zilizo katika anwani fulani zisihamishike. Hufanya hivyo hasa inapoombwa na vyombo vya dola. Mnamo Septemba 2024 iliungana na Tron na kampuni ya uchunguzi ya TRM Labs kuunda kitengo cha kupambana na uhalifu wa fedha, na kufikia Januari 2025 kitengo hicho kilikuwa kimetangaza kufunga zaidi ya dola milioni 100. Mlango wa pili ni masoko makubwa ya sarafu. Mwizi anayetaka fedha taslimu mara nyingi hulazimika kupitia soko linalowadai wateja wake vitambulisho, na soko hilo likipata ombi la polisi mapema laweza kuisimamisha akaunti yake. Milango yote miwili, kama unavyoona, hufunguliwa na polisi na si na wewe binafsi.

Hata hivyo hatutakudanganya. Mwezi umepita, na fedha za namna hii kwa kawaida hugawanywa na kubadilishwa kuwa sarafu nyingine ndani ya saa chache. Matumaini ya kuziona tena zote 4,300 ni madogo sana. Kuna zilizorudi baada ya miaka: soko la Bitfinex liliibiwa bitcoin 119,756 mwaka 2016, na Februari 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatangaza kukamata takriban 94,000 kati yake na kuwatia mbaroni mtu na mkewe jijini New York, baada ya wachunguzi kulifungua faili lenye funguo za pochi ambalo mume alikuwa amelihifadhi katika akaunti yake ya mtandaoni. (Mwizi naye aliponzwa na kuweka funguo mahali pasipofaa.) Lakini mali ile ilikuwa ya mabilioni ya dola, na aliyeifuatilia ni serikali yenye mkono mrefu. Tunakitaja kisa hicho kwa sababu rekodi ya muamala wako, kama ya Bitfinex, haifutiki. Mtu akikamatwa mwakani kwa wizi mwingine, anwani yako inaweza kuonekana katika mafaili yake, na hapo aliyeripoti ndiye atakayetafutwa.

Kwa hiyo nenda kituo cha polisi cha karibu, uandikishe taarifa na upewe namba ya OB, kisha uombe jambo lifikishwe kwa wapelelezi wa makosa ya mtandaoni wa Idara ya Upelelezi wa Jinai. Kenya inayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na ulaghai wa kumvuta mtu atoe taarifa zake za siri ni kosa chini ya sheria hiyo. Umeuliza kama watakuelewa. Huenda afisa wa zamu asijue USDT ni nini, na si wajibu wake kujua. Basi usianze kumfundisha blokucheini pale kaunta. Mwambie kwamba ulilaghaiwa kwa mtandao ukatoa siri ya akaunti yako, kwamba mali yenye thamani ya takriban shilingi 555,000 ikahamishwa, na umkabidhi karatasi zinazoonyesha muamala na anwani iliyopokea. Lugha hiyo inaeleweka katika kila kituo. Pengine umesikia pia kuhusu sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2025 na kuwapa Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la usimamizi. Ni hatua njema kwa wanaoweka fedha zao kwenye kampuni. Wewe ulikuwa mlinzi wa pochi yako mwenyewe, na hakuna kampuni yenye leseni ya kuidai.

Sasa yule wa asilimia 10. Usimlipe, na usimjibu tena. Huenda ni mwenzake aliyekuibia, huenda ni yule yule kwa jina jingine, au amekuona ukilalamika katika kundi. Kwa vyovyote vile, USDT 430 anazozitaka ndizo anazoziwinda. Mtu mwenye uwezo wa kuzirejesha fedha zako angeweza kukata ujira wake katika hizo hizo atakazozirejesha. Ukimlipa, siku ya pili atakuonyesha skrini yenye salio lako "lililopatikana," na siku ya tatu itazuka kodi ya kulikomboa, kisha ada ya wakili, kisha maneno ya pochi yako mpya. Ofisi ya FBI inayopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni nchini Marekani iliripotiwa hasara za dola bilioni 9.3 zilizohusu sarafu za kidijitali kwa mwaka 2024 pekee, na FBI imeonya zaidi ya mara moja kuhusu watu wanaojidai kuwa mawakili au wataalamu wa kurejesha, wanaowarudia waliokwisha kuibiwa. Tazama pia kama atakushauri usiwashirikishe polisi wala jamaa zako, eti wataharibu ufuatiliaji. Wengi hushauri hivyo. Aliyenyamaza hana wa kumshika mkono anapotaka kulipa, na mtaji wa mtu huyu ni ukimya wako.

Hapo ndipo tunaporudi kwa kaka yako. Zile 1,500 zilikuwa amana, na habari ya amana mwenyewe huambiwa mapema, hata kabla hujajua utailipaje. Mpango wako wa kurejesha kwanza ndipo useme unaonekana wa heshima, lakini ndio unaokusukuma mikononi mwa yule wa asilimia 10. Mwambie kwa simu, si kwa ujumbe wa sauti wa usiku. Umweleze ulivyolaghaiwa bila kujipunguzia wala kujizidishia, umtumie anwani na utambulisho wa muamala aone mwenyewe kwamba fedha ziliibwa na si kwamba ulizitumia. Hilo la mwisho lina uzito kuliko unavyodhani, na kwa bahati njema daftari la wazi linakutolea ushahidi. Usiahidi tarehe ya kulipa ambayo huna uhakika nayo. Je, unawajibika kulipa? Kwa maoni yetu, kwa kuwa maneno yalitoka mkononi mwako, hata kama ni kwa hila, ni vyema wewe ndiye uanze kutoa pendekezo la kulipa kidogo kidogo, naye awe na nafasi ya kusamehe sehemu. Mkishindwa kuelewana, mwiteni mzee mnayemheshimu wote wawili.

Umwonye pia kuhusu hila nyingine. Wezi wakishaona kwamba anwani yake hutuma fedha mara kwa mara, wanaweza kumtumia kiasi cha senti kutoka katika anwani iliyotengenezwa ifanane na yako mwanzoni na mwishoni, wakitumaini kwamba siku moja atainakili kutoka katika orodha ya miamala bila kuikagua yote. Mei 2024 mtu mmoja alipeleka hivyo bitcoin 1,155 za aina iliyotengenezwa itumike katika mtandao wa Ethereum, zenye thamani ya takriban dola milioni 68. Yeye alipata bahati isiyo ya kawaida, mwizi akarudisha sehemu kubwa baada ya majadiliano. Kaka yako asiitegemee bahati hiyo. Utakapompa anwani mpya, mnapaswa kuisomeana yote.

Mke wako amebaki. Mficha uchi hazai, ndugu yetu. Bajeti ya nyumba imebadilika, naye anaendelea kupanga mambo kwa fedha ambazo hazipo. Akijua, utakuwa na mtu wa pili wa kuusoma ujumbe wa kila "mtaalamu" kabla hujaujibu.

Kuhusu malipo yako yajayo, msimamo wetu ni huu: mtu anayelipwa kwa USDT kwa sababu ya kazi yake hana ulazima wa kuziweka akiba humo. Zigeuze kuwa shilingi mara kwa mara, katika soko linalotambulika, na pochi ya simu ibaki na kiasi ambacho kikipotea utaumia lakini utakula. Kama ni lazima uweke zaidi, kuna vifaa vidogo maalumu vinavyohifadhi funguo nje ya mtandao. Kinunuliwe kwa mtengenezaji au wakala wake, kamwe si kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Maneno mapya yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, nakala mbili katika sehemu mbili, na usiyapige picha, kwani picha za simu nyingi hujinakili zenyewe mtandaoni. Na hakuna mhudumu wa kweli wa pochi yoyote atakayekuomba maneno hayo.

SWALI

Niliibiwa sarafu za kidijitali, na marafiki zangu wananiambia nisithubutu kwenda polisi kwa kuwa Benki Kuu ilizipiga marufuku, nitakuwa najishtaki mwenyewe. Ni kweli? Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam.

JIBU

Marafiki zako hawakutunga. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini, ikawaonya wananchi wasizifanyie biashara. Lakini hawakuendelea kusoma. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo yanayotokana na kuhamisha mali za kidijitali. Kodi hiyo haikuzifanya kuwa fedha halali, ila ni vigumu kudai kwamba kitu ambacho serikali inakitoza kodi si mali inayoweza kuibwa. Isitoshe, kuingilia mfumo wa kompyuta wa mtu na kumlaghai kwa njia ya mtandao ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, bila kujali kilichochukuliwa ni nini. Nenda kituoni ufungue RB, uombe jambo lako lifike kwenye kitengo cha makosa ya mtandao. Ikiwa ulikuwa ukiwabadilishia watu wengine sarafu kama biashara, hapo mwone wakili kwanza, kwa sababu hali yako ni tofauti na ya mtu aliyeibiwa akiba yake. Na kama tapeli alikufikia kwa simu au ujumbe mfupi, namba yake itume pia kwenda 15040, ile ile tunayoripotia wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii."

SWALI

Maneno yangu ya siri sijampa mtu, yako kwenye karatasi nyumbani. Niliunganisha pochi na tovuti iliyokuwa ikigawa sarafu za bure, nikabonyeza kukubali mara moja tu. Siku ya pili USDT zangu za mtandao wa Ethereum zilikuwa zimekwenda, lakini ETH, sarafu ya mtandao huo wenyewe, zilibaki. Imekuwaje? Msomaji wa Arusha.

JIBU

Ulichokikubali ni ruhusa. Katika mtandao wa Ethereum, mwenye pochi anaweza kuiruhusu programu fulani ihamishe sarafu zake za aina fulani kwa niaba yake, na tovuti za udanganyifu huomba ruhusa isiyo na kikomo. Ruhusa hiyo huhusu sarafu kama USDT na haiigusi ETH yenyewe, ndiyo maana ETH zako zilibaki. Tatizo ni kwamba ruhusa haiishi baada ya wizi wa kwanza. Ukipokea USDT nyingine leo, zitaondoka pia. Ingia katika ukurasa wa Etherscan wa kukagua ruhusa, uziondoe zote usizozitambua, nawe utalipa ada ndogo ya ETH kwa kila moja. Pochi yako haijafa kama ya ndugu wa Kisauni, lakini kwa amani ya moyo fungua mpya, na tovuti zinazogawa vya bure usiziunganishe na pochi yenye akiba.

SWALI

Mdogo wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliibiwa sarafu alizozinunua kwa fedha za karo na kwa mikopo ya simu. Hali chakula, halali, kutwa anaitazama ile pochi tupu. Juzi alisema ingekuwa heri asingekuwepo. Mama anasema tumwache, atasahau. Dada wa Nakuru.

JIBU

Dada, msimwache. Maneno hayo yachukuliwe kama yalivyosemwa. Muulize wazi, mkiwa wawili, kama ana mawazo ya kujiua; kuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo, bali humpa ruhusa ya kulitua. Akikiri, asibaki peke yake, hasa usiku, na mpelekeni hospitali. Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo, na wako wanasihi wa kuzungumza naye au nawe.

Mama tumwelewe, kwa kuwa kwake hii ni hasara ya fedha, na fedha hutafutwa zikapatikana. Kwa kijana, fedha ni sehemu tu. Anaona kwamba ameonekana mjinga, kwamba ameiangusha nyumba iliyomsomesha, na kila anapoifungua ile pochi anajihukumu upya. Kwa hiyo swali la "ulikuwa unafikiri nini?" lisiulizwe na mtu yeyote hapo nyumbani mwezi huu. Mwombe akupe simu ile, si kwa kumnyang'anya, ili ile programu iondolewe mbele ya macho yake baada ya kunakili ushahidi tuliouelezea hapo juu. Nendeni polisi pamoja. Hata fedha zisipopatikana, kusimulia mbele ya mtu anayeandika kunampa nafasi ya kusema kwamba alitendewa kosa, si kwamba alitenda.

Hatari nyingine iliyo karibu ni haraka ya kufidia. Kijana aliyepoteza hukimbilia mkopo mwingine wa simu, akauweka kwenye kamari au katika sarafu fulani aliyoambiwa itapanda, na ndani ya wiki deni limekuwa maradufu. Kaeni naye muandike kila mkopo, riba yake na siku yake ya kulipwa, kisha mwanafamilia mmoja, si yeye, awapigie wakopeshaji kuomba mpango wa malipo. Chuoni, ofisi ya ushauri wa wanafunzi ielezwe kabla tarehe ya karo haijapita, kwa sababu ombi la kuahirisha malipo au muhula husikilizwa zaidi likiletwa mapema, pamoja na namba ya OB.